Gari iliyokaa chini na sala yangu

Siku tulipokimbia vita kutoka kijiji chetu cha Munigi, tulipata taksi ambayo mwenyewe aliifungia resori fupi, yaani springi, ikae chini kama gari za vijana. Kila jiwe la volkano lilitugonga mgongo. Pembeni yangu mama mwenye mimba kubwa alishika tumbo kwa mikono miwili.

“Papa shofere, mutoto atatokea humu!”

“Mama, gari inagusa chini. Tuko wazito,” dereva akajibu.

Mimi, mnene kuliko wote, nilifumba macho nikamwomba Mungu ainue gari.

Mama akanigusa bega. “Papa, sala ni muzuri, lakini si ushuke kwanza?”

Nikashuka. Gari ikainuka, ikavuka mawe bila kugonga. Nilitembea kwa miguu, nikawakuta Mabanga, mtaa tuliokuwa tunakimbilia, mama mzima, anacheka. Ndugu wasomaji, naungama: jibu la Mungu nilikuwa nimelikalia.