Chenji ya Dizeli

Harufu ya dizeli haitoki kwenye kanga kwa sabuni ya mche, wala ya unga, wala kwa majivu. Mama alijaribu zote, kila moja mara mbili. Kwetu Hombolo harufu hiyo ilimaanisha baba amerudi na chenji. Chenji ya watu wengine ni hela ya dukani, yetu ilikuwa mafuta. Tajiri wa baba, mfanyabiashara wa Kondoa mwenye lori, alitia mafuta ya safari nzima kwenye tangi, na yakibaki kidogo baada ya kushusha mzigo, hayo ni ya dereva. Hakuna aliyewahi kulisema jambo hilo kwa mdomo, na ndiyo maana lilidumu. Baba aliyanyonya kwa mpira, mama akayabeba kwa dumu hadi kwa mwenye mashine ya kusaga, na huko wakabishana bei huku mahindi ya watu yakisubiri. Kwa chenji hiyo tulijenga nyumba ya tofali mbichi mpaka juu. Ilibaki bati, na kiangazi kile mawingu yalianza kujikusanya mapema. Tofali mbichi na mvua hawajawahi kuelewana.

Msimu huohuo tajiri akaleta lori jipya. “Hili halinywi,” alimwambia baba, “linalamba tu.” Na mafuta akayapunguza kulingana na huko kulamba. Baba akaliendesha kama lile kuukuu: kila mteremko anaachia frii, yaani anatoa gia na kuliacha gari lishuke lenyewe, akiamini injini imepumzika. Kila akirudi, tangi kavu. Mama akawa hakai. Anatoka uani kuangalia mawingu, anaingia, anatoka tena, anagusa ukuta kama anayempima mtoto homa. Mwishowe akatangaza kwamba safari inayofuata tunakwenda wote, maana shule zilikuwa zimefungwa.

Tulibeba saruji kwenda Kondoa. Kwenye dashibodi kulikuwa na kijinamba kinachoonyesha gari linavyokunywa, na mama, muuza zabibu ambaye macho yake hayajui kukaa mbali na mizani, alikikodolea tangu tunaondoka. Kwenye mteremko mmoja mbuzi wakakatiza barabara. Baba akarudisha gia haraka ili gari lishikwe, na kijinamba kikaanguka hadi sifuri.

“Baba Neema, umeona? Limeacha kunywa.”

“Limeacha kunywa na injini inanguruma?”

“Ndivyo linavyosema lenyewe.”

“Mimi nimeanza kuendesha wewe unaogopa kupanda. Leo unifundishe gia?”

“Sikufundishi, nakuuzia. Mteremko ujao ni wangu, usitoe gia. Unaofuata ni wako, achia frii yako. Tuone.”

“Nikishinda?”

“Nakuchinjia jogoo.”

“Jogoo yupi? Yule ni wangu.”

Waligawana vilima hivyo mpaka Kondoa, wakigombania kila kimoja kama fungu la nyanya. Kwenye miteremko ya mama kijinamba kilikaa sifuri. Kwenye ya baba injini iliendelea kudokoa kidogo kidogo. Baadaye fundi alituambia kwamba injini hizi, magurudumu yakizizungusha, hujifungia dizeli zenyewe, lakini ukitoa gia lazima zinywe ili zisizimike. Baba hakungoja fundi, wala hakukubali kushindwa. “Miteremko yako ilikuwa mizuri zaidi,” alisema tu. Wakati wa kurudi, gia hakuitoa hata mara moja.

Tulirudi na chenji, na safari zilizofuata pia. Bati zikaanza kuingia moja moja, tukaziegemeza ukutani. Ndipo baba, kwa furaha ya mtu aliyeujua ufundi mpya, akamwambia tajiri kwamba lori lile ukilijulia halina njaa kabisa. Tajiri akacheka, akamnunulia soda, na safari iliyofuata akapunguza mafuta tena. Mama alipoambiwa aliuliza kitu kimoja tu.

“Ulisema kabla ya soda, au baada?”

Mvua ilitukuta na bati za kutosha upande mmoja. Ukuta wa chumba changu ulilainika, ukajikunja, ukashuka taratibu tukiuangalia, baba akiwa ameshika kofia mkononi kama yuko msibani.

Sasa nina lori langu, la mkono wa pili, na nyumba ya wazazi ina tofali za kuchoma na bati pande zote. Kwenye tangi kuna kifaa kinachonionyesha mafuta kwenye simu, na ninaichungulia mara nyingi kuliko afya yangu inavyotaka. Dereva wa leo kila lita yake ina macho. Baba angekufa njaa. Safari ya Mtera najua inakula kiasi gani, nimeipima na mzigo na bila mzigo, na bado huwa natia zaidi kidogo. Juzi dereva wangu mpya, kijana mwaminifu kupita kiasi, alishusha samaki, akanifuata akipangusa mikono.

“Dada, safari hii mafuta yamebaki. Yamebaki kama—”

“Usiniambie,” nikamkatiza.

Akabaki kanitumbulia macho. Nikaitia simu mkobani, nikamuuliza kama nyumbani kwake ana dumu.