Mkono Wake Ulipovunjika, Nikaandika Mimi

Nilitoka kwetu Mnyuzi nikaolewa Handeni, na mwanamume ambaye majirani walishindwa kusema kazi yake hasa ni ipi. Alilima mahindi kama wao. Lakini pia alichonga vigoda, alipiga zeze harusini, na mlango wa duka la ushirika aliupamba kwa michoro ya ndege na swala. Mchana, wenzake wakijinyoosha baada ya kula, yeye aliandika riwaya.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, ndiye aliyechora herufi kubwa kwa mkaa kwenye ukuta wa darasa la watu wazima. Nami nilikuwa mwanafunzi humo. A yake ilikuwa na miguu ya mtu anayetembea.

Siku moja, wakiezeka nyumba za kijiji, aliteleza juu ya paa, akavunjika mkono wa kulia. Maumivu aliyavumilia. Alichoshindwa kuvumilia ni riwaya iliyokatika katikati. Alikaa tu uani, hachongi, zeze hagusi, na maneno yakampungua. Nikamwambia aseme, mimi niandike. Akaniuliza kama nitaweza. Nilimjibu kwamba nitaweza, ila aseme polepole.

Basi akasema, nikaandika, ulimi nje kama mtoto. Nikikwama, alisubiri mpaka nimalize neno. Hakunihimiza hata mara moja. Tukafika mahali ambapo binti wa kwenye hadithi anatoroka kwao alfajiri, anakwenda kuishi na mchumba wake kwenye mashamba ya mkonge, Korogwe. Nikaweka kalamu chini.

“Hajamuaga mama yake,” nilisema.

“Anatoroka. Atamuagaje?”

“Mama amelala, na kuna baridi. Amfunike kanga yake, ndipo aende.”

Aliiokota kalamu kwa mkono wa kushoto, akanirudishia.

“Andika hivyo hivyo,” akasema. “Mimi nisingeliona hilo.”

Mkono ulipopona, riwaya ilikuwa imekwisha. Haikupata wa kuichapa, kwa hiyo akawa anawasomea wanakijiji wakati wa mapumziko shambani. Alipofika pale pa kanga, bibi mmoja ambaye binti yake aliondoka zamani alimwomba arudie. Akarudia. Kisha akanielekezea kidevu, akawaambia, “Hapo ni pa mke wangu.” Niliinamisha uso nikaendelea kumenya muhogo, nikiwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.