Shikamoo za Bwawani

Evelina Shemdoe nilimjua kwa njegere. Nilikuwa nanunua mboga sokoni Soni, nikamtajia bei yangu, akafunika ndoo yake kwa kanga, akasema, "Kaka, pita tu. Kwa bei hiyo kanunue maganda." Nikanunua kwa bei yake. Mtu wa namna hiyo usimwache akachukuliwa na mwingine.

Mwaka ule nilikuwa nimepata kayaki mbili, vile vimtumbwi vya plastiki, kwa mgeni aliyefunga biashara. Nikaziweka kwenye bwawa chini ya kijiji chao Evelina, awe anawapeleka watalii kutazama ndege. Kupiga kasia alijifunza siku tatu. Ndege na wanyama wa bwawa aliwajua tangu utotoni, kwa kuteka maji: mdiria katoboa ukingo gani, fisi maji hupita saa ngapi, na yule ndege mwoga anayeogelea chini ya matawi, miguu myekundu kama karoti. Huyo wa mwisho ndiye wageni wanayemvukia bahari.

Shida ikawa shikamoo. Ukingoni kote ni mashamba ya kabichi, na wenye mashamba ni wazee. Evelina akiwaamkia kutoka majini, ndege wanaruka wote. Nikamwagiza anyamaze. Akanyamaza siku nne.

Siku ya tano tukamkuta Mzee Nassoro amekalia kayaki yangu. Njia ya kushukia majini inapita shambani kwake.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, wewe." Akamgeukia Evelina. "Na huyu ni nani? Siku nne ananipita juu ya plastiki, kimya kama gogo. Nikadhani Shemdoe kazaa samaki."

Evelina akainama. Hakunitaja, ingawa amri ilikuwa yangu. Nami sikujitaja, nilitaka kwanza kusikia mzee anataka nini.

"Babu, nikipaza sauti ndege wanakimbia."

"Na mimi nisiposalimiwa nikimbilie wapi? Bebeni plastiki zenu mkashukie kwingine."

Kwingine hakuna, ni matope na mwamba. Nikamtajia mbolea, nikamtajia kazi ya ulinzi. Hata kunitazama hakunitazama.

Evelina akasema, "Babu, nikija alfajiri kwa miguu, niwazungukie nyote mashambani niwaamkie kabla sijagusa kasia, nikiwa majini mtanisamehe?"

"Na Bibi Klara kule ng'ambo? Yule hasikii."

"Nitamwamkia sikioni."

Mzee akainuka, akakung'uta suruali. "Haya. Kazunguke."

Hapo nikapoteza saa nzima ya alfajiri, na ndiyo saa ya ndege. Mzee haamkiwi ukaondoka tu: kuna habari za kifua, kuna "nishikie jembe kidogo." Lakini wazee nao wakawa wanamwambia walichokiona. Baada ya mwezi, Evelina anaingia majini anajua ndege yuko tawi gani. Nikiuliza mimi, naambiwa nimsubiri Evelina.

Msimu uliofuata akanifuata nyumbani. "Kaka, ile kayaki nyekundu nataka iwe yangu."

"Na nikikataa?"

"Utapiga kasia mwenyewe. Na Bibi Klara utamwinamia mwenyewe."

Nikampa. Siku hizi wageni wanampigia simu yeye. Wakimzidi, ananiletea waliobaki. Mzee Nassoro kapata heshima yake, njia iko wazi. Evelina ana kayaki, ila usingizi wa asubuhi ameusahau, hata Jumapili anazunguka bwawa kabla ya ibada. Mimi nimebaki na ya kijani, na wageni wa ziada.