Komando aliyeogopa kumbeba mjukuu wake

Saa kumi na mbili asubuhi jua halijashika ukali, lakini Tsuma Mwambire keshajaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Yuko chini ya timbo, shimo la kuchongea mawe ya kujengea, nje kidogo ya mji wa Kilifi. Anapiga sururu, anapima kwa jicho, anapiga tena. Kila jiwe analipwa shilingi kumi na mbili, na siku mgongo ukimkubalia hutoa arobaini.

Wenzake humwita Kamanda, kwa utani tu, ingawa hawajakosea sana. Tsuma, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, alilitumikia jeshi miaka ishirini na minne, kumi na sita kati ya hiyo katika kikosi maalumu, akavishwa medali ya ushujaa. Mtu kama huyu ungetarajia umkute barazani na kahawa yake, akila pensheni. Pensheni anayo. Timboni amefuata kelele.

"Nikigonga mawe sisikii kingine," anasema. "Nyumbani kuna kimya mno."

Nyumbani kwake, Ganze, kuna mtoto wa miezi saba, mjukuu wake wa kwanza, ambaye Tsuma hajambeba hata siku moja. Akisogezewa tu huinuka, mara akafungie mbuzi, mara akatazame maji mtungini. Binti yake Everlyne amejaribu kunyamaza, ameshindwa.

"Anamkataa mwanangu kwa sababu mwanamume hajaleta mahari," anasema huku machozi yakimlenga. "Si aseme basi! Anamwangalia mtoto kama kaona nyoka ndani ya nyumba."

Mahari haihusiki hata kidogo. Katika ukoo wao, mtu aliyeua, hata kama ni vitani, hagusi mtoto mchanga mpaka aoshwe. Tsuma alipostaafu miaka mitatu iliyopita, baba yake mdogo, Mzee Thoya, alimwosha kwa maji ya dawa mbele ya watu wa nyumbani. Sharti lilikuwa moja: awataje kwa sauti wote aliowaua.

"Siri za serikali sikumuuliza," anasema Mzee Thoya. "Nilimwambia, mwanangu, we hesabu tu. Ukificha mmoja, haya yatakuwa maji ya kuoga kama mengine. Akasema wanne, nikaridhika."

Walikuwa watano, na wa tano ni Mutuku, rafiki yake aliyelala naye hema moja kwa miaka tisa. Ilikuwa mchana, mvua kubwa, msituni karibu na mpaka. Tsuma aliona kichaka kikitikisika mahali ambapo hapakupaswa kuwa na mtu wao, akafyatua. Alipofika akamkuta Mutuku, aliyehama nafasi yake baada ya redio kuingia maji. Akambeba mgongoni kilomita kumi na moja. Ripoti ikasema ni risasi ya adui, na Tsuma hakuikanusha. Medali alipewa kwa kumbeba huko.

"Walinivisha, nikapiga saluti," anasema. Anaweka sururu chini.

Kila Agosti, Priscilla, mjane wa Mutuku, humtumia ujumbe kutoka Makueni. Wa mwaka huu unasomeka hivi: "Shemeji, Mungu akuzidishie. Hukumwacha mume wangu porini." Jumbe kama huo anazo sita kwenye simu. Hajajibu hata mmoja.

"Siwezi kutaja jina lile mbele ya watu wa Ganze kabla mkewe hajajua," anasema. "Na yeye namwogopa. Risasi sikuziogopa hivi."

Akaomba jambo moja: makala haya yasitoke mpaka aende Makueni na kurudi. Gazeti likakubali. Wiki tatu zikapita bila neno.

Jumatatu iliyopita akapiga simu. "Chapeni," akasema.

Priscilla alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama mumewe alikufa papo hapo. Tsuma angeweza kumdanganya kwa huruma. Akamwambia hapana, aliishi karibu saa nzima.

"Alikuwa mgongoni kwangu, anauliza nani kampiga," anasimulia Tsuma. "Nikamwambia sijui. Hilo pia nilimwambia mama yule."

Priscilla aliingia ndani akafunga mlango. Tsuma alikaa uani mpaka jioni, na mlango haukufunguliwa. Mama huyo akitaka kumshtaki, anasema Tsuma, namba yake anayo, naye hatakimbia.

Jumamosi hii Mzee Thoya atachemsha dawa upya. Everlyne ameshaambiwa yote, na sasa ni yeye anayemfunga mtoto mgongoni kila baba yake anapoingia uani. Hajui kama Jumamosi atampeleka kwa babu yake.

"Simlazimishi," anasema Tsuma. "Nitakaa pale kwenye kigoda, nitaje watano. Akimleta nitampokea. Asipomleta, Jumamosi nyingine nitakaa tena."