Buti za Papa ndani ya mulango ya gari

Bandugu, leo nimepata buti za marehemu Papa ndani ya mulango ya gari yake!

Mvua ya asubuhi ililoanisha viti vyote. Nikang'oa joint, ule mupira wa kuzuia maji, niweke mupya.
Chini yake vipande vya buti, na jina la Papa alilochoma na musumari wa moto.

Miaka ya tisini, usine, kile kiwanda alichofanyia kazi, hailipi tena, Papa alituambia buti zake za kazi zimeibiwa. Mama akashitaki jirani yetu, Mama Kapinga. Hawasalimiani mpaka leo.

Nikaonyesha Mama vile vipande, akasema:
"Kumbe alizikata mwenyewe, juu ya kuziba mulango ya gari?"

Mama amefunga kitenge. Sasa hivi anavuka barabara, anaenda kwa Mama Kapinga.

Miye niko na colle, gundi ya joint mupya, mukononi, inakauka. Nimufuate?