Kiyoyozi cha Mwanaamina si cha Joto

Mvua ya Tukuyu haijakata tangu Jumatano, na saa mbili hii ya asubuhi, Aprili 1999, watu wa mtaa wa Ibighi wamejikunyata kwenye majiko ya mkaa. Ndani ya studio yake ya picha, Mwanaamina Yussuph amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na anafungua skrubu za kiyoyozi.

Ndiyo, kiyoyozi. Hapa hapa Tukuyu.

"Wananicheka tangu nikinunue," anasema bila kuinua kichwa. "Eti baridi ya Mungu hainitoshi, nimejinunulia na yangu. Waache wacheke. Mimi sitafuti baridi, natafuta ukavu."

Nyuma ya pazia kuna makasha thelathini na moja ya negativu, zile filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwazo. Zimo tangu marehemu baba yake, Mzee Yussuph, afungue studio mwaka 1966. Harusi, ubatizo, maulidi, wanafunzi wa darasa la saba waliokwisha kuwa babu. Wilaya nzima imelala humo. Na adui yake ni ukungu, ambao kwa unyevu wa huku huota hata kwenye kiatu cha juzi.

Mwalimu mmoja wa fizikia ndiye aliyemfungua macho kwamba kiyoyozi kinapopoza hewa huikamua na maji. Mwaka 1995 shirika moja la umma lilipouzwa, na vitu vyake kupigwa mnada kule Kyela, Mwanaamina alishuka akarudi na mashine yake juu ya magunia ya mpunga. Kwa miaka minne kimemtolea nusu ndoo ya maji kila siku, akiyapima kwa macho na kufurahi peke yake.

Wiki tatu zilizopita kikazima. Fundi aliyetoka Mbeya alikisikiliza dakika tano, akasema kompresa, yaani mota yake, imekufa, nyingine ni shilingi laki moja na themanini. Tangu mashine za picha za rangi zifike Mbeya, mwezi mzuri humwachia Mwanaamina elfu arobaini.

"Hakufungua hata kifuniko," anasema, na hasira bado iko mbichi. "Kompresa nimeisikia mwenyewe inanguruma, halafu inachoka. Aliyekufa hangurumi."

Hayuko peke yake leo. Kwenye benchi amekaa Alinanuswe Ambindwile, mkulima wa ndizi kutoka Matwebe, mwenye umri wa miaka thelathini. Mama yake alifariki yeye akiwa na miezi minane, na nyumbani hakuna picha yake hata moja. Shangazi yake, Esnath, ndiye aliyemwambia kwamba wazazi wake walipiga picha hapa walipokuwa wachumba. Daftari la Mzee Yussuph limethibitisha: Machi 1968. Negativu ipo. Lakini imeota ukungu.

"Dada, si uioshe tu?" anauliza Alinanuswe.

Mwanaamina anaweka bisibisi chini. "Mdogo wangu, niliwahi kuiosha moja. Picha pekee ya baba yangu. Ukungu ukishakula filamu, ukitia maji sura inaondoka nao. Niliiona inayeyuka mkononi mwangu. Yako tutaikausha kwanza."

Amechomoa waya ukutani tangu jana. Alinanuswe anamsaidia kukishusha kiyoyozi dirishani hadi mezani, na hapo kosa linajionyesha lenyewe. Upande wa nje, unaotakiwa kutema joto, umezungushiwa turubai na kufungwa kamba kwa ustadi wote.

"Nilikivika koti mwenyewe," anasema, akicheka kwa aibu. "Huku kitu chochote kikikaa nje tunakifunika: kuni, baiskeli, hata mbuzi. Nikaona mvua inakinyeshea, nikakihurumia. Kumbe nakiziba pumzi."

Chini ya turubai, nyigu wamejenga vyumba vya udongo kati ya mapezi ya bati yanayopitisha hewa. Anavibomoa kwa brashi laini na maji ya sabuni. Kisha anaitafuta kapasita, kile kikopo kinachoipa mota nguvu ya kuanza. Hakigusi mpaka amekitoa chaji kwa bisibisi yenye mpini mzito wa plastiki, kwa maana mwalimu alimwonya kwamba hicho hurusha mtu hata umeme ukiwa umechomolewa. Kimevimba kama andazi.

Kipya kiko mfukoni. Alikinunua juzi Mbeya kwa shilingi elfu sita, kwa kubahatisha, baada ya kumweleza mwenye duka jinsi mashine inavyonguruma.

Saa sita kiyoyozi kinarudi dirishani, bila koti. Kinanguruma. Dakika tano. Kumi. Nje mvua inamwagika juu ya mabati, lakini wote wawili wanakodolea macho ndoo kavu chini ya bomba.

Tone la kwanza linapolia, Mwanaamina anakaa sakafuni na kulia machozi waziwazi.

Siku sita baadaye negativu imekauka. Anaupangusa ukungu kwa unyoya, anaingia chumba cha giza, na kutoka na karatasi iliyolowa. Kona moja imeliwa. Sura imebaki.

Alinanuswe anaisogeza kwenye mwanga. "Ndaga, dada," anashukuru kwa Kinyakyusa. "Kumbe hizi nyusi ni zake. Binti yangu anazo."

Mwanaamina hajaomba nyongeza ya bei. Ana kazi nyingine. Ameanza kufungua makasha yote, negativu moja moja, akisafisha na kutafuta.

"Baba alipiga picha wilaya nzima miaka ishirini na saba," anasema. "Haiwezekani asiwemo hata mara moja. Hata kwenye kioo nyuma ya bwana harusi. Hata nusu ya uso. Nikimpata, namtundika pale."

Anaonyesha msumari mtupu ukutani. Makasha mawili ameshamaliza, na la tatu liko wazi mezani.