Makapi ya Ebbe Krogsgaard

Kompyuta ya marehemu mume wangu haikuungua, wala binti yangu hakuiharibu. Hapa Lemvig, mji wetu mdogo wa Denmark, yamesemwa mengi, na sitaki jina la Ebbe Krogsgaard lizungushwe kwenye meza za kahawa.

Ebbe alikuwa msoma mita za umeme, lakini watu walimjua kwa nyimbo za sherehe. Kipaimara, jubilei ya miaka ishirini na mitano ya ndoa, kutimiza miaka sitini: kando ya kila sahani paliwekwa karatasi ya wimbo wake, wageni wakaimba. Mtunzi wa nyimbo hizo huambiwa mambo ya mwenye sherehe ili apate ya kuchekesha. Jikoni kwetu watu walimwambia hata wasiyoulizwa. Ebbe aliyatia yote kwenye beti, kisha akakata mpaka zikabaki zile ambazo bwana harusi angeziimba mbele ya mkwewe. Alizokata aliziweka kwenye folda aliyoiita Makapi.

Baada ya mazishi, kompyuta yake ilikuwa imechoka mno. Binti yetu Signe aliniletea mpya, akaziunganisha zote mbili kwa waya mezani. Programu ya kupanga nyimbo ilihamia, pamoja na mpangilio wa maandishi makubwa aliouzoea baba yake. Zikabaki folda, tuchague za kuhamisha.

Jirani yetu Tove Bisgaard alikuwa amekaa papo hapo. Alizitaka nyimbo kwa ajili ya jumba la kumbukumbu la mji.

"Lete zote, bibie," aliniambia. "Hata zilizokatwa. Ndizo tamu."

"Tamu kwa nani?"

Alicheka, akasema wengi wa waliotajwa wameshakufa. Nikamjibu kwamba watoto wao bado wananunua mkate pale ninaponunua mimi.

Alipoondoka, Signe aliifungua Makapi. Alisoma akicheka, halafu akaacha kucheka. Nikamwambia asiichague hiyo, na kompyuta ya zamani aifute kabisa.

"Mama, haitarudi. Ni kazi ya baba ya miaka yote."

"Kazi ya baba yako ilikuwa kuzikata."

Alinitazama, kisha akafuta. Tove alipewa kila wimbo uliowahi kuimbwa, mia tatu na zaidi, na hakuna uliopungua neno.

Sasa wananisimamisha njiani kuuliza ni akina nani waliokuwamo kwenye Makapi. Niliyasoma yote kabla Signe hajaja na waya wake. Sisemi.